Mkono Ndio Unabonga: Salsa za Guangzhou

Hebu tubonge ukweli ya floo, wasee. Mwafrika akiingia usiku wa salsa pale Zhujiang New Town, macho zote zinamgeukia. Watu wanangoja aiwashe, juu wameshaamini rhythm iko kwa damu yetu. Na enyewe akianza kusonga, mabega yanaongea, kiuno inajibu, simu zinatoka mfukoni. Alafu anashika mkono ya dem wa Foshan, tao jirani, mwenye amechapa klasi miaka mingi, na kabla korasi ifike huyo dem ameshachoka. Biti msee anayo kibao. Shida ni ati anacheza solo na amebeba mtu.

Nimeona hii kitu ikijirudia na inaniuma, juu hao wasee wako na talanta ya ukweli. Kenye inakosekana ni kuskiza. Uskize ngoma, uskize mtu umeshika, alafu ndio mwili ifuate. Mastepu unaeza nunua kwa klasi yoyote, lakini masikio lazima ukae chini uzijenge. Na ka kuna tao ya kukufunza hiyo maneno, ni Guangzhou. Hapa mara mingi we na patna wako hamna lugha. Kichina yako inaishia bei ya mzigo, Kiingereza yake inaishia salamu, na Kihispania yenye inaimbwa hakuna kati yenu anaiskia. Inabaki mkono tu, na mkono haujui kudanganya.

Ka hujawai fika, picha ni hii. Waafrika wengi base yao ni Xiaobei na Sanyuanli. Mchana ni bizna: pale Tianxiu wasee wa Kenya, Bongo, Congo na Naija wanapatana na sampuli mkononi, mzigo inapangwa ya kwenda Kamukunji, Eastleigh ama Kariakoo. Jioni unaingia Line 5 ya metro hapo Xiaobei, unapita Taojin, na bila kubadilisha treni unashukia Zhujiang New Town, mtaa ya maghorofa na mabaa. Treni zinafunga kati ya saa tano na saa sita usiku. Wenye wanaishi mbali wanahepa mapema, wenye wamenogewa wanaita teksi ya Didi. Rada ya venye usiku gani ni ya salsa na wapi inatembea kwa WeChat, na inabadilika kila mara, kwa hivyo ukifika ulizia mbogi ya wachezaji wakuingize kwa grupu yao.

Alafu kuna zile wiki za Canton Fair. Hiyo maonyesho ilianza 1957, inafanywa mara mbili kwa mwaka, msimu moja unaanza Aprili na mwingine Oktoba, pale Pazhou. Tao inajaa wanunuzi wa dunia nzima, na kati yao wako Wacolombia, Wamexico na Waperu wenye mchana wanasaka mashine na usiku wanasaka ngoma. Usikose hizo wiki. Ukibahatika msee wa Cali, huko Colombia, aingie, achana na kuchukua video, keti ucheki miguu yake: zinaenda kasi lakini ni ndogo ndogo, hazitoki mbali na sakafu, na juu ametulia kabisa. Huyo hii muziki alikuta ikiwaka kwao kabla ajue kutembea.

Na mtu akikwambia ati salsa Guangzhou ni kitu ya kuazima, mchanue. Kati ya 1847 na 1874 Wachina zaidi ya laki moja na elfu ishirini walipelekwa Cuba kwa kandarasi za miaka nane, wakate miwa kando ya watumwa Waafrika. Wengi wao walitoka hii mkoa ya Guangdong. Walidanganywa, walipigwa, wengi walidedi huko huko. Wenye walibaki ndio walijenga mtaa wa Wachina wa Havana. Zumari yao ya suona iliingia carnival ya Santiago de Cuba, na mpaka leo misafara ya conga ya huko inaongozwa na hiyo zumari, wanaiita corneta china. Mchoraji mkubwa wa Cuba, Wifredo Lam, mwenye alizaliwa 1902, mbuyu wake alitoka Guangdong, na upande ya mathe alikuwa na damu ya Congo. Yaani wazee wa huyo dem umeshika na wazee wa bara letu walikutana shambani kitambo sana kabla we ukate tiketi ya ndege.

Upande yetu pia iko na risto. Ile ngoma ya conga, jina na asili yake inarudi kwa watu wa Congo, na Arsenio Rodríguez, mwenye familia yao ilitoka huko huko, ndiye aliipatia nafasi kwa bendi ya son, muziki wa Cuba, miaka ya 1940. Kuanzia 1933 kampuni za rekodi zilianza kuleta santuri za Cuba Afrika, zile zilipewa namba za GV, na Wakongo walipoziskia walijua hii kitu ni yetu imerudi nyumbani. Hapo rhumba ikashika moto: African Jazz ya Kabasele, na 1956 OK Jazz yenye Franco aliikuza ikawa jitu. Morogoro, Salum Abdallah alipenda hizo santuri mpaka bendi yake ikaitwa Cuba Marimba, na iliwika mpaka akafariki 1965. Septemba 1974 Fania All Stars, jeshi ya salsa ya New York, ilitua Kinshasa na Celia Cruz na Johnny Pacheco, na ikapiga shoo uwanjani. Msee amekua na rhumba ya mbuyu wake kila Jumapili, salsa kwake ni binamu.

Lakini binamu hachezwi kama ndugu. Hapa ndio wengi wetu tunateleza, na hapa ndio nataka tukae kiasi.

Salsa inahesabiwa nane. Moja mbili tatu unatembea, nne unashikilia. Tano sita saba unatembea, nane unashikilia. Kwa studio za hapa ticha anaita yi, er, san, alafu wu, liu, qi, na ukishazoea hutaskia tofauti. Swali kubwa ni stepu yako ya kuvunja, ile ya kwenda mbele ama nyuma, inaanguka wapi. Kuna wenye wanavunja kwa moja, na kuna wenye wanavunja kwa mbili, style ya New York yenye Eddie Torres aliipanga na kuifunza mpaka ikasambaa. Guangzhou utapatana na zote, na wale wa Cuba wenye wanacheza kwa kuzunguka mduara. Usilazimishe mtu yako. Sekunde za kwanza za ngoma, cheza stepu ya msingi tu, polepole, ndio mkono ikwambie huyu patna anavunja wapi. Msee mkali anabadilika. Mwenye anajua moja tu na anaivuta kwa nguvu, huyo bado ni mwanafunzi hata ka amecheza miaka.

Sasa hiyo biti unaiskia wapi? Rhumba imetuzoesha kungoja. Wimbo inaanza pole, muimbaji anaeleza shida zake, alafu sebene inafunguka na gita ndio inakubeba. Salsa nayo iko na mlango kama hiyo: mwanzo inasimuliwa, alafu inafika montuno, pale korasi inarudi rudi na muimbaji anajibizana nayo. Ukiskia kengele kubwa imeingia, toink toink toink, hapo umefika. Hiyo kengele inagonga moja, tatu, tano na saba, na ni rafiki ya mtu mwenye anaanza. Ukishaizoea, tafuta conga. Kwa mbili na sita kuna kofi kali, pa! Kwa nne na nane kuna milio miwili ya wazi, ku-ku. Mwenye anavunja kwa mbili anakaa na hilo kofi. Chini ya yote iko clave, vijiti viwili, milio tano kwa kila mzunguko, mara tatu kwanza alafu mbili, ama mbili kwanza alafu tatu. Mara nyingine hata haipigwi kabisa, lakini kila mtu kwa bendi anaifuata.

Mazoezi ya hii hayahitaji floo. Weka earphone kwa metro, chukua ngoma moja, na safari nzima ufuate conga peke yake. Kesho yake ngoma ile ile, fuata besi, ucheki venye inakataa kukanyaga ile moja, inaingia mapema. Usihame ngoma mpaka uskie kila chombo. Hii nimeona ikibadilisha wasee kuliko klasi ya mizunguko kumi mipya, na haikugharimu hata yuan moja.

Twende kwa mkono. Kuongoza ni kama udere wa mat. Dere mfiti abiria anajua kona inakuja kabla ifike, hakuna mtu anarushwa dirishani. Dere mbovu anakata kona alafu ndio unashtuka. Mzunguko wa patna wako unaanza kabla ya stepu yake. Ka unataka azunguke kwa tano, mkono yako imeshapanda kidogo ikifika tatu, na imepanda juu ya kichwa chake, haijaenda kando kumng'oa bega. Vidole vyako viwe ndoano nyepesi. Kidole gumba kisimfunge kiganja, juu anapozunguka mkono lazima igeuke ndani ya yako, na ukiibana unaeza mvunja kifundo. Kiwiko kikae mbele ya mwili, kisirudi nyuma ya mbavu. Ukitaka asonge, songa we mwenyewe, mwili ipeleke ujumbe na mkono iubebe tu.

Stepu zako zipunguze. Wengi wetu tuna miguu ndefu na tumezoea nafasi, na floo za hapa mara mingi ni ndogo, meza zimesukumwa ukutani. Stepu ndogo inakuwezesha kuwa on time hata ngoma ikikimbia, na inampa patna mfupi nafasi ya kupumua. Na uangalie nyuma yake kabla umrushe upande huo. We ndio macho yake. Akigongwa na mtu ama akanyagwe na kisigino, hiyo ni juu yako.

Kufuata nako si kukaa tu ukingoja kubebwa, na madem wetu wa Nairobi na Mombasa wenye wameanza hapa wanajua venye ni kazi. Uzito wako ubebe mwenyewe. Mkono uwe na uhai kidogo, usiwe mlenda na usiwe chuma, ndio ukisukumwa kakitu mwili ijue. Maliza stepu yako kabla uende kwa ingine. Na usikisie. Ukishajua huyu msee baada ya hii anafanya ile, mwili inataka kutangulia, na hapo mazungumzo imekatika. Ngoja, nusu ya biti tu. Kwa kuzunguka, jifunze kusimama juu ya mguu moja bila mtu, kichwa kikibaki nyuma kiasi na macho yakirudi mahali pamoja. Ukiweza kujizungusha mwenyewe jikoni, hakuna mwongozaji mbaya atakuangusha.

Na kila mtu, chali ama dem, ashike klasi kadhaa za upande mwingine. Msee mwenye hajawai kuzungushwa hajui venye kuvutwa kunauma. Studio nyingi siku hizi zina madem wanaongoza na machali wanafuata, na hao ndio wanakuanga watamu kucheza nao juu wanaskia pande zote mbili.

Sasa nibonge na machali wenzangu bila kuficha. Usiku wa salsa si mahali pa kukatia. Ukiomba mtu ngoma, unaomba dakika nne ama tano, full stop. Akisema hapana, tabasamu, sema poa, na usimame mbali. Anaeza kuwa amechoka, miguu inamuuma, ngoma haimbambi, na hana deni ya kukueleza. Usimvute karibu kuliko venye amekuja. Bachata na kizomba zikiwekwa, hiyo sheria inakuwa nzito zaidi, juu hapo mwili iko karibu. Usimlaze chini kwa mwisho wa ngoma ka humjui, mgongo ni wake. Na usimfunze katikati ya floo. Ka stepu imekataa, cheka na uendelee. Fisi anajulikana haraka hii tao, grupu za WeChat hazilali, na akichoma, anatuchomea sisi wote, juu hapa hatuitwi kwa majina yetu, tunaitwa Waafrika.

Hiyo ya mwisho ina historia. Aprili 2020, corona ikiwa moto, Waafrika Guangzhou walifukuzwa kwa keja na mahoteli, wengine wakalala nje, na dunia nzima ikaona zile video. Wengi waliondoka na hawakurudi. Kwa hivyo jioni hii Mkenya na mama wa Guangdong wakishikana mikono bila uoga, kila mmoja akimwamini mwenzake asimwangushe, mi naichukulia kwa uzito. Siasa haitatuliwi na salsa. Lakini hao watu wawili wamesikizana, na hiyo haikupeanwa na gava.

Jua na joto ya hapa pia iheshimu. Kuanzia Machi unyevu unapanda mpaka kuta zinatoa maji, na msimu wa joto ni mrefu balaa. Beba matisho mbili tatu, taulo kadogo na maji. Badilisha tisho ikilowa, kabla patna wako aweke mkono mgongoni akutane na mto. Marashi kidogo. Kitunguu saumu ya dinner isafishwe. Saa na pete kubwa zivue, zinakwaruza. Ndula ziwe za soli laini yenye inateleza kiasi, juu soli ya raba inashika sakafu na goti ndio inalipa.

Kuhusu mazoezi, mimi naamini walimu wazuri zaidi Guangzhou hawako kwa studio. Shuka Yuexiu Park mangware, ama park yoyote kubwa, ucheki wazee wakicheza wawili wawili na spika kadogo kwa nyasi. Hiyo generesheni, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni kati ya 1966 na 1976, dansi ya wawili ilikuwa marufuku. Ilivyofunguliwa waliishika na hawajaiachilia. Hawachezi salsa, wanacheza waltz, cha-cha na zao za mtaa. Lakini angalia mzee anavyomgeuza mkewe: kiganja tu, hakuna kuvutwa, na mama anajua mapema anaenda wapi. Hakuna anayeangaliwa na simu. Ukisimama hapo na heshima, mtu atakunyooshea mkono uingie, na utafunzwa bila neno moja la Kiingereza.

Usijipime na video za mashindano. Zile mizunguko zimefanyiwa mazoezi na patna moja miezi mingi. Kwa usiku wa kawaida, mambo manne ama tano yenye unayafanya safi, on time, na mtu yeyote mwenye umeshika akiwa salama, yanatosha kabisa. Hapo ndio utaanza kuona wenyeji wanakuja kukuomba we ngoma, na huko kuombwa ndio cheti pekee ya maana kwa hii mchezo.

Wiki hii ukifika, usianze na yule mkali wa katikati. Angalia ukutani. Kuna dem ama chali amekaa na ndula mpya, anahesabu kwa midomo, anaogopa. Nyoosha mkono. Mpe stepu ya msingi, mzunguko moja wa pole, na muda wa kuskia kengele. Ngoma ikiisha sema xiexie, mrudishe kwa kiti chake, na umuombe tena kabla usiku uishe.